KUJIFUNZA KUTENGENEZA TOVUTI KWA KUTENDA NA KUKOSEA

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maneno machache juu ya kazi ya kutengeneza tovuti, kwa sababu wanafunzi wengi wa Kidato cha Pili na cha Tatu wamekuwa wakiuliza namna ya kuingia katika Chama cha Kompyuta, na wengine wamekwisha kata tamaa kabla ya kuanza. Nimekubali kwa furaha. Nimekuwa mlezi wa chama hiki kwa miaka sita sasa, na katika muda huo nimeona wanafunzi wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wasomao kitabu kizima, wakanakili kila sura kwa mwandiko safi, lakini siku wakiketi mbele ya mashine hawajui pa kuanzia. Wa pili ni wale watengenezao kitu kidogo, kikaharibika, wakakaa wakakitazama mpaka wakajua kwa nini kimeharibika. Hawa wa pili ndio wafikao mbali. Nia yangu ni kueleza sababu yake, na kuonyesha kwa mifano ya kazi tuliyoifanya muhula uliopita jinsi kosa linavyoweza kuwa mwalimu.

1. TOVUTI NI KITU GANI?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe. Wako watu wadhanio kwamba tovuti ni kitu cha ajabu kinachoelea hewani. La hasha. Tovuti ni mafaili ya maandishi na picha, yaliyowekwa ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo kazi yake ni kungoja kuulizwa. Uandikapo anwani katika simu yako, programu iitwayo kivinjari hupeleka ombi kwa seva. Seva hulitafuta faili lililoombwa na kulirudisha. Kisha kivinjari hulisoma na kukuchorea ukurasa. Seva isipoliona faili hilo hujibu kwa namba 404, yaani kitu ulichokitaka hakikupatikana. Ni sawa na kupeleka barua posta na kungoja majibu, ila majibu haya hurudi kwa muda mdogo sana.

Kazi hii si ya zamani. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, Uswisi, alitoa shauri la kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali, ili mtu aweze kutoka katika andiko moja na kuingia katika jingine. Ilipofika mwisho wa mwaka 1990 seva ya kwanza na kivinjari cha kwanza vilikuwa vikifanya kazi. Juu ya mashine ile alibandika karatasi yenye onyo kwamba hiyo ni seva, mtu asiizime. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu anaweza kutumia uvumbuzi huo bila malipo, na tangu hapo ukaenea duniani kote.

Lakini nataka mwone jambo moja. Hata mabingwa hao walikosea. Ile mistari miwili ya mshazari iliyomo mwanzoni mwa kila anwani, Berners-Lee mwenyewe alisema mwaka 2009 kwamba haikuwa ya lazima, na kama angeanza upya angeiacha. Kadhalika, kivinjari kinapoomba ukurasa huweza kuiambia seva msomaji ametoka ukurasa gani. Jina la taarifa hiyo ni neno la Kiingereza referrer, lakini aliyelipendekeza aliliandika kwa upungufu wa herufi moja, referer, na kosa hilo likaingia katika waraka rasmi wa mwaka 1996. Hata leo vivinjari vyote duniani hutumia neno hilo lililokosewa, maana kulisahihisha sasa kungevunja mambo mengi. Basi tunajifunza mambo mawili: kwamba kukosea si dalili ya ujinga, na kwamba kosa lisipoonekana mapema huota mizizi.

2. VYOMBO VYA KAZI

Ukurasa wa tovuti hujengwa kwa lugha tatu. Ya kwanza ni HTML, nayo ndiyo nguzo na kuta: husema hapa pana kichwa cha habari, hapa pana aya, hapa pana picha. Ya pili ni CSS, ambayo shauri lake lilitolewa na Håkon Wium Lie mwaka 1994. Kazi yake ni chokaa na rangi, yaani ukubwa wa herufi, nafasi na mpangilio. Ya tatu ni JavaScript, iliyoandikwa mara ya kwanza na Brendan Eich mwaka 1995 kwa muda wa siku kumi tu. Hiyo ni kama bawaba na kitasa cha mlango: ndiyo ifanyayo ukurasa ufunguke, uhesabu, au ujibu mtu akibonyeza.

Wengi huniambia, "Mwalimu, mimi siwezi, sina intaneti." Udhuru huu haufai. Ili kujifunza kazi hii wahitaji vitu viwili tu: programu ya kuandikia maandishi matupu, ambayo imo katika karibu kila kompyuta, na kivinjari. Unaandika faili, unalihifadhi kwa jina linaloishia na .html, unalifungua kwa kivinjari, unatazama. Intaneti itatakiwa siku ya kuitoa kazi yako iende kwa watu. Sisi hapa tuna mashine chache na umeme hukatika, lakini wanachama wetu wawili wawili kwa kila mashine wamefanya kazi inayoonekana. Mchagua jembe si mkulima.

3. KAZI YA DUKA LA USHIRIKA

Muhula uliopita wanachama kumi na wawili walipewa kazi ya kutengeneza ukurasa wa duka la ushirika la shule, utakaoonyesha bidhaa na bei, na kumsaidia muuzaji kujumlisha. Kamati ya duka ilikubali kwa sharti moja, nalo lilikuwa zito. Kwa wiki mbili hesabu zingefanywa mara mbili, katika ukurasa na katika daftari la siku zote. Kama hesabu zingepishana na sisi tusiweze kueleza sababu, ukurasa ungeachwa na mashine ingerudishwa ofisini. Sharti hili lilikuwa la haki, maana fedha ya duka ni ya wanafunzi. Pia lilikuwa na manufaa, kwa kuwa mtu hujifunza upesi zaidi pale ambapo kazi yake itatumiwa na mtu mwingine kuliko pale anapotafuta alama za mtihani tu.

Sasa nitaeleza makosa matano waliyoyapata vijana hawa, na mafunzo yake.

Kosa la kwanza: picha zisizoonekana. Kundi la picha lilipiga picha za sabuni, madaftari na kalamu, wakaziweka katika ukurasa, zikaonekana vizuri kabisa katika mashine yao. Ukurasa ulipohamishiwa kwenye seva yetu, nusu ya picha zikatoweka. Sababu zilikuwa mbili. Picha nyingine ziliandikiwa anwani inayoanza na C:, yaani mahali palipo ndani ya mashine yao tu; ni kama kumwelekeza mgeni wa mbali kwa kumwambia kitu kiko "chini ya kitanda changu". Nyingine zilihifadhiwa kwa jina Sabuni.JPG lakini ukurasa ukaita sabuni.jpg. Mashine yao ilitumia Windows, ambayo kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Seva yetu hutumia Linux, ambayo hujali. Tangu siku hiyo chama kina kanuni: majina yote ya mafaili huandikwa kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati.

Kosa la pili: ng'ombe aliyesimamisha duka. Hili ni kosa ambalo Waswahili hulipata kuliko watu wengi. Katika JavaScript maneno hufungwa kwa alama za nukuu, na mtu anaweza kutumia alama moja kila upande au mbili kila upande. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alitumia moja moja, akaandika bidhaa zote vyema mpaka alipofika kwenye hii:

'Maziwa ya ng'ombe'

Papo hapo ukurasa mzima ukaacha kuhesabu. Vifungo vilikuwapo, lakini vilikuwa kama vimekufa. Aliutafuta ubaya kwa siku mbili katika hesabu, na hesabu hazikuwa na ubaya wowote. Mashine iliposoma alama iliyomo katika ng' ilidhani maneno yamekwisha hapo, kisha ikakutana na "ombe", neno isilolijua, ikakataa kuendelea. Dawa yake ni kufunga maneno kwa alama mbili kila upande: "Maziwa ya ng'ombe". Jambo lililo karibu na hilo ni kwamba programu za kuandikia barua hugeuza alama za nukuu zikawa zimepinda, ili zipendeze. Alama hizo zilizopinda JavaScript haizitambui. Ndiyo maana nimesema muandike kwa programu ya maandishi matupu.

Kosa la tatu: 500 na 300 ni 500300. Ukurasa ulipokwisha pona, wakajaribu kujumlisha daftari la shilingi 500 na kalamu ya shilingi 300. Jibu likatoka 500300. Wanafunzi walicheka sana, lakini mjumbe wa kamati ya duka hakucheka. Sababu ni kwamba kitu chochote aandikacho mtu katika kisanduku cha ukurasa hufika kwa JavaScript kama maandishi, si kama namba. Na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha tu, kama mtu aungavyo vipande viwili vya kamba. Lililowapoteza zaidi ni kwamba siku ya kwanza walijaribu kuzidisha tu, 500 mara 3, wakapata 1500 iliyo sahihi. Alama ya kuzidisha haina maana nyingine ila ya hesabu, kwa hiyo mashine huyageuza maandishi kuwa namba yenyewe. Basi walithibitisha sehemu moja wakaamini zote. Dawa ni kugeuza kila kisichokuwa namba kuwa namba kabla ya kujumlisha, kwa kutumia neno Number. Na fundisho ni hili: kujaribu kazi si kuonyesha kwamba yaweza kufanya vizuri, bali ni kutafuta kwa bidii mahali itakaposhindwa. Jaribu sifuri, jaribu kisanduku kitupu, jaribu mtu aliyeandika "1,500" kwa mkato, nawe utaona mashine inakuambia kwamba hiyo si namba.

Kosa la nne: ukurasa usiofunguka kwa simu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi yaweza kuwa na uzito wa megabaiti 4. Kila baiti ina biti 8, kwa hiyo hizo ni megabiti 32. Mtu mwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde atangoja sekunde 32 kwa picha moja ya kipande cha sabuni! Vijana wakazipunguza picha zikawa na upana wa nukta 800 na uzito wa kilobaiti 100 hivi, na kila moja ikafika kwa muda usiozidi sekunde moja. Hakuna aliyeona tofauti ya uzuri. Kazi ya fundi ni kumfikiria mtu mwenye simu duni na fedha kidogo, kwa sababu huyo ndiye wasomaji wetu wengi.

Kosa la tano: majina ya wadaiwa. Makosa manne ya kwanza mashine yenyewe iliyaonyesha. Hili la tano mashine haikulionyesha, nalo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mwanachama mmoja mwenye bidii aliona kwamba daftari la duka lina orodha ya wanafunzi wanaodaiwa, akaiingiza katika ukurasa, majina na fedha. Msimbo wake haukuwa na dosari hata moja. Lakini kila aliyepita chumba cha kompyuta aliisoma, na mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza, aliyekuwa akidaiwa fedha kidogo tu, akawa haendi tena dukani, wala hanunui hata kalamu. Tulipopata habari, wenzake walitaka kuificha orodha kwa neno la siri, wakaliandika neno hilo ndani ya JavaScript ya ukurasa. Wakasahau kwamba kila kitu kilichomo katika ukurasa hupelekwa kwa msomaji, na kivinjari chochote cha kompyuta humwonyesha msimbo mzima akitaka kuuona. Hilo lilikuwa kufuli la karatasi. Siri hukaguliwa katika seva, wala haipelekwi kwa mtu kabla hajathibitishwa.

Lakini hata kufuli la chuma halikuwa jibu. Swali la kwanza lilikuwa: je, orodha hii ilipaswa kuwa hapo? Jibu ni hapana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote zinamtaka mtu anayekusanya habari za watu azitumie kwa kazi iliyokusudiwa na azilinde. Orodha ikaondolewa siku ile ile, na yule mwanachama akaenda mwenyewe kumwomba radhi mwenzake. Nawaambia kweli, alijifunza siku hiyo kuliko muhula mzima.

4. NAMNA YA KULISOMA KOSA

Kosa humfundisha yule tu anayelisoma. Asiyelisoma litamchosha bure. Kwa hiyo shikeni taratibu hizi.

Kwanza, soma ujumbe. Katika vivinjari vingi vya kompyuta kibonye cha F12 hufungua sehemu ya mafundi, na huko kosa la JavaScript huandikwa pamoja na namba ya mstari. Wengi huona maandishi mekundu wakafunga haraka kama waliomwona nyoka. Usifunge. Soma mstari uliotajwa, na ule ulio juu yake pia, maana mara nyingi kosa limeanza hapo juu.

Pili, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha tazama. Ukibadilisha vitu vitano na ukurasa ukapona, hutajua ni dawa gani iliyoponya.

Tatu, gawanya. Ukiwa na mistari mia na hujui ubaya uko wapi, iondoe nusu kwa muda. Kosa likitoweka, limo katika nusu uliyoiondoa. Likibaki, aghalabu limo katika nusu nyingine. Kisha gawanya tena. Mistari mia yaweza kupunguzwa hivyo hata ikabaki mmoja kwa hatua saba tu.

Nne, hifadhi nakala ya kazi inayofanya kazi kabla hujaigusa. Mafundi hutumia programu iitwayo Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Lakini anayeanza aweza kunakili folda lake na kuliandikia tarehe.

Tano, weka daftari la makosa. Andika tarehe, ulichotazamia, kilichotokea, sababu, na dawa. Daftari la chama chetu lina kurasa nyingi sasa, na kijana mpya akileta shida, mara nyingi jibu lake limo humo.

Wengine huuliza, "Siku hizi ziko programu za akili mnemba zinazoandika msimbo zenyewe, kwa nini nijisumbue?" Zipo, nazo husaidia. Lakini nazo hukosea, na huandika kosa kwa maneno ya uhakika yale yale ziandikayo ukweli. Asiyejua kwamba 500 na 300 yaweza kuwa 500300 atalitambuaje kosa hilo alipoletewa? Na ni programu gani ingalimwona yule mtoto asiyekwenda dukani?

Wiki mbili za majaribio zilikwisha. Hesabu zilipishana mara tatu. Mara mbili aliyekosea ni mwandishi wa daftari, na mara moja ni ukurasa, nao vijana wakaeleza sababu na kuirekebisha mbele ya kamati. Kamati ikakubali ukurasa uendelee kutumika. Iliyowaridhisha si kwamba ukurasa haukukosea kamwe; ni kwamba waliotengeneza waliweza kueleza.

5. KAZI YA LIKIZO

(a) Andika ukurasa wa HTML wenye kichwa, aya mbili na picha moja juu ya kijiji au mtaa wenu. Mwanzoni weka alama ya lugha ya sw, ili programu zinazowasomea vipofu zijue kwamba maandishi ni ya Kiswahili.

(b) Usifunge alama ya kiungo kwa makusudi, uone jinsi maneno yanayofuata yanavyogeuka kuwa kiungo. Kisha ifunge.

(c) Tengeneza visanduku viwili na kifungo cha kujumlisha. Hakikisha 500 na 300 ni 800.

(d) Andika orodha ya wanyama watano, mmoja wao awe ng'ombe, na mwingine nyang'au.

(e) Mpe mtu mwingine kazi yako aitumie kwa simu, nawe usimweleze chochote. Andika kila mahali alipokwama, kwa kuwa alipokwama yeye ndipo ulipokosea wewe.

Atakayeweza (a) peke yake asione haya. Haba na haba hujaza kibaba. Shule itakapofunguliwa milango ya Chama itakuwa wazi kwa wote, wa kike na wa kiume, nami nitaomba kuona madaftari yenu ya makosa kabla sijaomba kuona kurasa zenu.